Mshale kwenye ganda la mzinga si ramani ya mali ya Mjerumani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumze na wasomaji wako wa Tabora na Kigoma, hasa wale ambao nyumbani, shuleni au kigangoni kwao kuna ganda la mzinga wa zamani, yaani ule mkebe wa shaba uliobeba baruti ya kurushia kombora. Maganda haya yanauzwa kimyakimya, na kila muuzaji ana maelezo yake. Lenye mshale linasemwa linaelekeza mahali Mjerumani alipofukia dhahabu. Lenye taji linasemwa ni la mfalme. Lenye herufi T linasemwa lilitengenezwa Tabora. Wapo pia wanaoamini kwamba kitakoni mna zebaki ya mamilioni, wakalipeleka ganda kwa fundi likatwe kwa grainda. Maelezo haya yanawatia watu hasara na kufuta ushahidi wa historia yetu, na hilo la zebaki linaweza kuua.

Nianze na mshale. Ile alama ya mistari mitatu mifupi inayokutana kwenye ncha moja ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Waliigonga kwenye mizinga, bunduki, masanduku na zana za kila aina. Mjerumani hakuitumia. Kwa hiyo anayenunua ganda lenye mshale akitarajia siri ya Mjerumani amenunua ganda la Mwingereza. Tena ligeuze ganda mkononi: mshale unageuka nalo. Utaelekeza wapi?

Taji ni muhuri wa mkaguzi. Kila ganda lilikaguliwa kiwandani, na mkaguzi aliyeridhika aligonga taji dogo pamoja na herufi au namba yake. Wajerumani walifanya hivyo na Waingereza pia, kwa hiyo taji peke yake halikwambii ganda ni la nani. Taji juu ya herufi M kwenye ganda la Kijerumani ndilo la kutazamwa vizuri, maana hiyo ni alama ya ukaguzi ya jeshi lao la majini.

Herufi T imeponza wengi kwa sababu ya sarafu. Ni kweli kwamba mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipiga sarafu hapa Tabora kwenye karakana ya reli: rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, na heller 5 na 20 za madini ya kawaida, zikiwa na T ya Tabora. Lakini T ya kwenye sarafu ni ya sarafu. Maganda ya mizinga hayakutengenezwa Tabora. Kuvuta kisahani kinene cha shaba kikawa mkebe mrefu usio na mshono kunahitaji mashine kubwa za kukandamiza, hatua kwa hatua, na kila baada ya hatua shaba inapashwa moto ilainike. Karakana ya treni haikuwa na mitambo hiyo.

Zebaki nayo ina chanzo chake. Katikati ya kitako pana fataki, yaani kile kidude kinachowasha baruti, na fataki za zama zile zilikuwa na mchanganyiko wenye fulminati ya zebaki. Ni kiasi kidogo sana, na si ile zebaki ya maji inayoteleza. Ni unga unaolipuka kwa kugongwa, kusuguliwa au kupata joto, yaani mambo yale yale yanayofanywa na grainda, patasi na drili. Anayetoboa fataki akitafuta zebaki anatafuta kitu ambacho kikipatikana kitamng'oa vidole au macho.

Kabla ya kusoma alama yoyote, mtu ahakikishe anatazama nini. Ganda ni mkebe wa shaba njano, mwembamba ubavuni na mnene kitakoni, wenye ukingo unaozunguka kitako. Kazi yake ni kubeba baruti; mzinga ukilia, ganda linabaki nyuma na askari wanalitoa. Kinachokwenda ni kombora. Kombora ni la chuma kizito, na karibu na kitako chake limezungushiwa mkanda wa shaba nyekundu. Ukiona mkanda huo, hilo si ganda, liache. Mkanda ukiwa laini, kombora halijapigwa. Ukiwa na michirizi ya mshazari iliyopangana sawasawa, kombora lilipita kwenye mtutu, na kama bado lipo zima basi huenda lilianguka likakataa kulipuka. La namna hiyo ni la kuogopwa zaidi, kwa kuwa fyuzi yake, yaani kifaa cha kulilipua, imeshaamshwa. Baadhi ya makombora ya wakati ule yalijazwa asidi ya pikriki, ambayo ikikaa miaka mingi na metali hutengeneza chumvi zinazolipuka kwa mguso mdogo kuliko asidi yenyewe. Uzee wa kombora haulifanyi kuwa salama. Mengine yalijazwa golori za risasi na baruti nyeusi chini yake, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haiozi hata karne ipite.

Ganda ambalo mdomo wake umezibwa na kombora ni silaha kamili. Ganda lililo wazi mdomoni litazamwe ndani kwa tochi, si kwa kiberiti. Ukiona chini mna chembe nyeusi, au vijiti vya rangi ya hudhurungi kama tambi, hiyo ni baruti. Watu wanapenda kuamini kwamba fataki yenye kishimo katikati imekwisha kazi. Si lazima. Fataki inaweza kugongwa isiwake, ikabaki na kishimo chake na uhai wake. Ganda salama ni lile ambalo liko tupu hadi chini na fataki yake imeungua, au imetolewa kabisa likabaki tundu. Nje ya hapo, weka alama ya matawi kwa mbali, zuia watoto, na toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na polisi. Usilibebe kwenda kituoni, si kwa baiskeli wala bodaboda. Wao ndio waje.

Sasa tuje kwenye kusoma. Alama zenye maana kubwa zote ziko kitakoni, kuizunguka fataki. Ganda lichovye katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kipande, sugua kwa mswaki laini, toa udongo kwenye herufi kwa kijiti cha mbao, kisha likaushe vizuri. Basi. Stilwaya, msasa, majivu, ukwaju, limau na maji ya betri viwe mbali. Shaba njano ya maganda ni takribani sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Asidi huanza kuila zinki, uso ukabaki na mabaka ya waridi yasiyotoka. Dawa za kung'arishia nazo hula uso kidogo kidogo, na zinazotangulia kufutika ni alama ndogo za wakaguzi, kwa kuwa ziligongwa kwa mkono na hazikuingia ndani. Ukiona rangi au wino ubavuni, hapo usiguse hata kwa mswaki, na usipake mafuta ya taa wala tina. Maandishi ya wino yalieleza aina na kundi la baruti, na yakifutika hayana nakala.

Herufi zisiposomeka, subiri jioni, lete tochi na uimulike kutoka pembeni, karibu sawa na uso wa kitako. Kivuli kitajaa ndani ya herufi. Zungusha tochi taratibu pande zote, kwani alama iliyojificha upande mmoja hujitokeza upande mwingine. Njia ya pili ni kutandika karatasi nyembamba juu ya kitako na kuipitishia penseli laini iliyolazwa. Usikazie herufi kwa msumari ili zionekane. Mtu akikazia 3 iliyofifia ikawa 8, amezalisha hati ya uongo.

Ganda la Kiingereza hukwambia ukubwa wa mzinga kwa uzito wa kombora. Ukikuta 18 PR, ni mzinga wa kombora la ratili 18, kama kilo 8.2. Ukikuta 3 PR, ni ratili 3. Pembeni yake huwa na namba ya Kirumi, I, II au IV, inayoonyesha toleo la ganda. Hapa ndipo II inaposomwa kumi na moja, na watu wakajenga tarehe juu yake. Herufi C na F zikiwa pamoja zina maana ya kordaiti, yaani ile baruti ya vijiti, kwa kipimo kamili. R ni kipimo kilichopunguzwa. Ganda lenye CF zaidi ya moja lilijazwa upya, kwa kuwa shaba ilikuwa ghali na maganda yalirudishwa kiwandani. RL ni maabara ya kifalme ya Woolwich, EOC ni kiwanda cha Elswick, zote huko Uingereza.

La Kijerumani kwa kawaida huandika kiwanda, wakati mwingine kwa kirefu, kwa mfano POLTE MAGDEBURG au PATRONENFABRIK KARLSRUHE, kisha mwezi na mwaka. Miezi iko kwa Kijerumani: MAI ni Mei, OKT ni Oktoba, DEZ ni Desemba. Mara nyingi hufuata SP na namba. SP ni Spandau, mji wa Ujerumani, na namba hiyo si mwaka. Ganda lenye SP 191 halikutengenezwa mwaka wa 191-na-kitu uliofutika, ingawa nimesikia likinadiwa hivyo. La Kifaransa linalojulikana kuliko yote limeandikwa 75 DE C, yaani mzinga wa uwandani wa milimita 75.

Alama peke yake haitoshi bila vipimo. Pima kwa rula ya chuma au, vizuri zaidi, kwa venia ya fundi: upana wa ndani wa mdomo, upana wa ukingo wa kitako, na urefu wote. Ganda la milimita 37 la aina iliyoenea sana lina urefu wa milimita 94. La ratili 3 la Hotchkiss lina mdomo wa 47 na urefu wa 376. Boti mbili za Waingereza zilizopigana Ziwa Tanganyika, Mimi na Toutou, kila moja ilikuwa na mzinga wa aina hiyo mbele. La mzinga wa uwandani wa Kijerumani ni 77 kwa 227. La Kifaransa nililolitaja ni 75 kwa 350. Ratili 18 ya Kiingereza ni 84 kwa 295.

Hiyo ya mwisho ina mtego. Mwingereza baadaye alikuwa na mzinga wa ratili 25, uliotumika katika Vita vya Pili vya Dunia, na ganda lake lina urefu wa 292. Tofauti ya milimita tatu haionekani kwa macho, wala rula ya mwanafunzi iliyokatika ncha haitaitoa. Angalia mdomo: 84 au 88. Ukiwa 88, yule anayekuambia kwamba ganda hilo lilipigwa mwaka 1916 amekosea kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ganda likiwa fupi kuliko vipimo hivi, usikimbilie kusema ni aina mpya. Mengi yalikatwa yakawa vyombo vya maua. Pitisha kidole mdomoni: ukingo wa kiwandani ni mwembamba na sawa, uliokatwa kwa msumeno una meno na mara nyingi ni mnene, kwa kuwa ubavu huzidi unene kadiri unavyoshuka. Hapo tegemea upana wa ukingo wa kitako, maana huo haukatwi. Lete sumaku pia. Ikishika, ganda ni la chuma lililopakwa au kusuguliwa lifanane na shaba, na bei ya shaba haistahili.

Milimita 105 inataka uangalifu wa pekee katika mikoa hii. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa na kutumiwa nchi kavu. Mmoja uliletwa Kigoma ukafungwa kwenye meli Goetzen, hii tunayoiita Liemba. Mwingine unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Lakini Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ilipenya ikafika ghuba ya Sudi, kusini, ikiwa na mizinga mingine ya sentimita 10.5: mifupi, ya kurusha kombora juu kwa mpindo. Kwa hiyo 10,5 iliyoandikwa kitakoni haithibitishi Königsberg. Tazama urefu. Ganda la mzinga wa manowari ni refu sana, kwa kuwa baruti yake ni nyingi na kombora limeshikamana nalo. La mzinga mfupi ni kikombe tu ukililinganisha na hilo. Refu, lenye taji na M, na mwaka usiozidi 1915, linastahili kuchukuliwa kwa uzito mkubwa. Fupi lenye 10,5 ni kitu kingine, nacho kina thamani yake, ila si cha Königsberg.

Na tarehe ndiyo inayomaliza ubishi mwingi. Wabelgiji waliingia Kigoma tarehe 28 Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Ganda lililogongwa 1917 haliwezi kuwa lilipigwa katika mapigano ya Itaga au Lulanguru, yaliyotangulia kuanguka kwa Tabora. Tena, Marie ilikuwa meli ya mwisho kuwafikishia Wajerumani shehena. Baada yake hawakupata tena silaha kutoka kwao. Kwa hiyo ganda la Kijerumani la 1917 au 1918 lililoko Tabora halikuletwa na vita vya hapa. Lilikuja baadaye mikononi mwa mtu, kumbukumbu ya vita vya Ulaya. Si kosa kuwa nalo. Kosa ni kuliandikia historia isiyo yake.

Mwaka huo ni wa kutengenezwa kwa ganda, si wa kupigwa. Ganda la 1911 linaweza kupigwa 1916, na la Kiingereza lililojazwa upya linaweza kubeba tarehe mbili. Fataki nayo huwa na kiwanda na mwaka wake, kwa kuwa hufungwa kwa hesi na hubadilishwa. Andika tarehe zote, na kando ya kila moja andika iko kwenye fataki au kwenye kitako.

Mahali pa kuhifadhi nako kuna la kujua. Usiweke ganda karibu na banda la kuku, mbuzi au ng'ombe. Mkojo na mbolea hutoa hewa ya amonia, na shaba njano iliyokandamizwa kiwandani ina mvutano ndani yake. Vikikutana, mdomo wa ganda hupasuka nyufa ndefu bila kuguswa na mtu. Waingereza walilijua hili India, risasi zao zilipopasuka msimu wa mvua kwenye maghala yaliyokuwa karibu na mazizi ya farasi. Weka pakavu, mbali na moshi wa jikoni, juu ya ubao. Lishike kwa kitambaa cha pamba, maana jasho la mkono huacha alama za vidole zinazogeuka kutu ya kijani.

Wasomaji wasidhani kwamba sheria inayalinda maganda haya yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kifaa kuwa cha kale kikiwa kimetengenezwa kabla ya 1863, na haya yote ni ya baada ya hapo. Hivyo ganda linaweza kuingia kwenye mzani wa vyuma chakavu leo na kuyeyushwa kesho bila mtu kuulizwa, pamoja na pekee lililobaki la aina yake mkoani. Ninawaomba wanunuzi wa vyuma chakavu wa Tabora, Urambo, Uvinza na Kigoma: kabla ya kuliponda ganda tupu, lisimamishe kwa mdomo, weka rula pembeni ya kitako, piga picha moja kutoka juu kabisa, na uandike kijiji lilikotoka. Kilo za shaba hazitapungua. Walimu wa historia wenye ganda shuleni wafanye vivyo hivyo na wanafunzi wao, ganda likishathibitishwa kuwa ni tupu.

Nawe Mhariri, picha za maganda zinapoletwa gazetini, mara nyingi tunaona mtu amelikumbatia akitabasamu na kitako kimetazama chini. Tuchapishieni kitako.

Mwenye ganda asichonge namba wala jina juu yake. Aandike kwa penseli kwenye karatasi: limepatikana kijiji gani, sehemu gani ya kijiji, lini, lililetwa na nani, vipimo vitatu, na alama zote kwa mpangilio wake kuanzia juu ya fataki kwenda upande wa saa, zile zisizosomeka zikiachiwa nafasi wazi. Karatasi aikunje na kuiweka ndani ya ganda.

Msomaji wenu,
Ng'ambo, Tabora